Fundi Akianguka Kwenye Paa Lako, Nani Analipa?

Barua tulizochagua toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ajali ikitokea juu ya nyumba yangu, mzigo ni wa nani? Tumejibu kwa sheria ya mahali barua ilipotoka, maana ya Kenya si ya Tanzania, na ya California ni nyingine kabisa.

Mwenye nyumba, au fundi?

*Nilimpa fundi kazi ya kubadilisha mabati ya nyumba yangu kwa bei ya kazi nzima. Mabati, misumari na mbao nilinunua mwenyewe. Yeye alikuja na vijana watatu. Siku ya pili kijana mmoja aliteleza, akavunjika mfupa wa paja. Fundi anasema hana kitu. Familia inasema nyumba ni yangu, kwa hiyo nilipe mimi. Ni kweli?* — Msomaji, Kitengela

Pole sana, na kijana huyo apate nafuu. Kuwa mwenye nyumba hakukufanyi mdaiwa moja kwa moja. Kitakachoamua ni nani alikuwa mwajiri wake. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao kwa wanaoumia kazini, ambayo Wakenya wengi huiita WIBA, inamtwika mwajiri fidia ya mfanyakazi aliyeumia hata kama mwajiri huyo hakukosea lolote. Kifungu cha 7 kinamtaka kila mwajiri awe na bima ya kubeba mzigo huo, na hakuna mahali panaposema mwajiri lazima awe kampuni.

Ili kumjua mwajiri, hutazamwa nani alimchagua kijana, nani humlipa, nani humpangia saa za kuanza na kumaliza, nani anaweza kumfukuza, zana za kazi ni za nani, na nani angepata hasara kama kazi ingechukua siku kumi badala ya tano. Kwa ulivyoeleza, majibu yote yanaelekea kwa fundi. Wewe kununua mabati hakubadilishi hilo. Kinachobadilisha ni yale ambayo wenye nyumba huyafanya kwa nia ya kusaidia: kumtumia kila kijana ujira wake jioni kwa M-Pesa, kuamua nani apande na nani abaki chini, kuwaita warudi Jumapili bila kupitia kwa fundi. Kumbukumbu za M-Pesa hazifutiki, na mtu akitaka kuonyesha kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukiwalipa, ataanzia hapo. Lipa namba moja tu, ya fundi, kwa awamu zilizo kwenye maandishi.

Mzigo wenyewe si mdogo. Anayekufa, au kulemaa kabisa, hulipiwa mapato ya miezi 96. Chukua kijana wa Sh1,000 kwa siku anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi: Sh26,000 mara 96 ni Sh2,496,000. Paja likiunga vizuri dai hupungua likabaki gharama za matibabu, mapato ya muda alioshindwa kufanya kazi hadi miezi 12, na nyongeza kwa asilimia ikiwa daktari atakuta ulemavu wa kudumu.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye makazi kwa wanaoingia kwake, Sura ya 34. Inakubali kwamba mtu wa kazi fulani anatarajiwa kujilinda na hatari za kawaida za kazi yake, na kwa fundi wa paa kuteleza ni mojawapo. Lakini kinga hiyo ipo pale tu ulipomwacha huru afanye kazi kwa utaalamu wake. Ukimwambia apande na ngazi yako iliyopasuka, au akapande bati likiwa limelowa kwa sababu una haraka, umejiondoa kwenye kinga. Vivyo hivyo ukinyamaza kuhusu hatari unayoijua wewe na yeye haijui: mbao zilizoliwa na mchwa chini ya mabati yanayoonekana mazima, waya wa umeme uliochubuka juu ya dari, au mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga yaliyopakwa rangi yakafanana na mengine. Hayo ya plastiki hukauka kwa jua, na mtu akiyakanyaga hupita moja kwa moja hadi sakafuni. Vigae vya asbesto vya nyumba za zamani ni hivyo hivyo. Havikanyagwi bila ubao mpana uliolazwa juu ya mbao mbili au tatu za kenchi.

Fanya haya wiki hii. Piga picha za paa, ngazi na mahali alipoangukia kabla havijaondolewa. Andika majina na simu za waliokuwepo. Hifadhi makubaliano yenu, hata kama ni ujumbe wa simu. Ukichangia hospitali, na utu unadai hivyo, andika kwenye risiti kwamba ni msaada wa matibabu. Usitie saini karatasi inayosema umekubali kosa. Kama una bima ya nyumba, wape taarifa sasa hivi, kabla ya barua ya wakili kufika, kwa sababu kuchelewa kutoa taarifa ni sababu ya kawaida ya kunyimwa dai. Mkumbushe fundi kwamba yeye, akiwa mwajiri, ana siku 7 za kumpelekea taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kifo hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24. Kijana naye ana miezi 12 ya kuwasilisha dai la WIBA, na miaka 3 ya kukushtaki wewe mahakamani akidai ulizembea. Karatasi zako zisitupwe kabla ya hapo.

Nina bima ya nyumba tayari

*Benki iliyonikopesha ilinilazimisha kuchukua bima ya nyumba. Je, haitoshi fundi wa paa akiumia?* — Msomaji, Nakuru

Tazama kama ni ya jengo tu au ni pakeji. Pakeji ya nyumba ya Kenya kwa kawaida ina sehemu A hadi F: jengo, vitu vya ndani, vitu vya thamani unavyotembea navyo, wafanyakazi wa nyumbani, kisha dhima yako, yaani wajibu wa kulipa mtu akidhurika, kama mwenye nyumba na kama mkaaji. Benki mara nyingi hutaka sehemu A peke yake, kwa hiyo huenda zile nyingine huna kabisa.

Sehemu D humkinga dada wa kazi, mlinzi na mtu wa shamba uliowaorodhesha. Fundi wa mabati hayumo. E na F zinaweza kukusaidia ukishtakiwa na mtu wa nje, lakini soma kama zinatenga ajali zinazotokana na ujenzi au ukarabati. Kisha waandikie kabla ya kazi kuanza kwamba paa litafunguliwa kati ya tarehe fulani na fulani. Kubadilisha paa ni badiliko la hatari, na kampuni isipojulishwa ina pa kushikia. Na kama mtahama wakati wa kazi, uliza kuhusu nyumba kukaa tupu. Bima nyingi huweka kikomo cha siku 30.

Cheti kimekuja kwa WhatsApp

*Mkandarasi amenitumia picha ya cheti cha bima, kina muhuri na kila kitu. Nitajuaje kwamba ni cha kweli na kinatosha?* — Msomaji, Bamburi

Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Cheti kinaweza kuwa halali kabisa na bado kisikusaidie kitu.

Kwanza hesabu bima. Unahitaji kuona mbili. Ile ya WIBA hulipa wafanyakazi wa mkandarasi. Ile ya dhima kwa umma hulipa wengine wote: wewe, mgeni wako, jirani aliyeangukiwa na bati, gari lililokwaruzwa. Ya pili huwatenga wafanyakazi wake mwenyewe, na ya kwanza huwatenga watu wa nje. Mkandarasi mwenye moja tu amekuachia nusu ya hatari, na nusu hiyo kwa kazi ya paa ni kubwa.

Pili, jina. Kama mkataba wako ni na kampuni, cheti kiwe na jina la kampuni hiyo herufi kwa herufi. Cheti cha kampuni ya shemeji yake hakina maana. Linganisha na cheti cha usajili wake wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) na leseni ya mwaka huu; leseni hiyo huhuishwa kila mwaka, na usajili wa mwaka juzi hauthibitishi kwamba bado anaruhusiwa kufanya kazi.

Tatu, tarehe. Bima ianze kabla ya siku ya kwanza ya kazi na iishe baada ya ile ya mwisho, ukiongeza wiki mbili za kuchelewa. Ikiisha katikati, kazi isimame.

Nne, maelezo ya shughuli. Hapa ndipo cheti halali hufa. Ili alipe ada ndogo, mtu hujiandikisha kama mpaka rangi au muuzaji wa vifaa. Siku ya ajali kampuni ya bima itasema haikukubali kubeba kazi za juu ya paa. Neno paa, au kuezeka, au ujenzi kwa ujumla, lionekane kwenye hati yenyewe. Uliza pia kuhusu kikomo cha urefu, kwa kuwa baadhi ya bima hazilipi kazi iliyo juu ya mita kadhaa. Uliza kuhusu kazi za moto: kenchi za chuma huchomelewa, na paa la zege hupakwa utando wa lami unaoyeyushwa kwa gesi. Kama kazi za moto zimetengwa na paa lako ni la aina hiyo, huna bima ya tukio baya kuliko yote.

Tano, idadi ya watu. Ada ya WIBA hukokotolewa kwa makadirio ya mishahara ya mwaka. Aliyetangaza wafanyakazi watatu akaleta tisa amejitafutia mgogoro, na wewe uko katikati yake. Kama atatumia fundi wa chini yake, huyo naye awe na bima yake, au hati iseme wazi kwamba anahesabiwa.

Sita, kiasi. Tazama kikomo kwa tukio moja na kikomo cha mwaka mzima, kisha tazama kiasi ambacho mkandarasi hubeba mwenyewe kabla bima haijalipa. Akibeba Sh50,000 za kwanza, na dirisha la jirani ni Sh30,000, bima haitalipa chochote. Mkataba useme sehemu hiyo ni yake.

Mwisho, ada imelipwa? Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya kinakataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Omba risiti. Kisha tafuta namba ya kampuni ya bima mwenyewe, usitumie ile iliyochapwa kwenye picha, na uombe wakuthibitishie kwa baruapepe. Unaweza kuandika hivi: "Naomba mthibitishe kwamba hati namba fulani ya mkandarasi fulani iko hai leo, ada imelipwa, inahusu kazi za kuezeka na kuezua paa, na viwango vyake ni vipi." Siku mbili zinatosha kupata jibu. Mkandarasi anayekasirika kwa sababu hiyo amekuokolea fedha.

Omba pia jina lako liongezwe kwenye hati ya dhima kwa umma kama mwenye kazi anayekingwa kwa shughuli hii. Mara nyingi ni karatasi moja na ada ndogo, na inamaanisha ukishtakiwa kwa kosa la mkandarasi, kampuni yake inakutetea na wewe.

Kupaua Dar, na WCF

*Najenga Goba, nimefika hatua ya kupaua. Fundi ni wa mtaani, hana kampuni. Nimesikia kuna mfuko wa WCF. Je, unamlinda yeye na wasaidizi wake?* — Msomaji, Dar es Salaam

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kupokea michango Julai 2015, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, kwa sasa asilimia 0.5 ya malipo ya wafanyakazi wake, na hapaswi kumkata mfanyakazi hata senti. Aliyeumia hupata matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao (kusaidiwa kurudi kwenye maisha na kazi), na malipo ya mtu wa kumhudumia; akifariki kuna msaada wa mazishi na pensheni ya wategemezi.

Fundi wako wa mtaani pengine hajajisajili, na asiyejisajili hana mchango unaowalinda saidia fundi wake. Kwa hiyo una njia tatu.

Ya kwanza, na ndiyo tunayoipendelea kwa nyumba ya kenchi kubwa au ghorofa, ni kumpa mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Mtake cheti cha CRB, cheti cha usajili wa WCF, na uthibitisho wa mchango wa mwezi uliopita, maana usajili bila michango ni karatasi tu. Ongeza bima ya dhima kwa umma kutoka kampuni yenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Tanzania pia ada hulipwa kwanza ndipo kinga ianze, kwa hiyo risiti ni muhimu kama cheti.

Ya pili ni kumbakisha fundi wako, lakini umwombe dalali wa bima akutafutie bima ya ajali binafsi kwa fundi na wasaidizi wake kwa majina, kwa muda wa kazi pekee. Hailipi kama WCF, lakini hulipa hospitali na kiasi kilichotajwa kwa kifo au ulemavu. Majina yawe kamili. Kijana mpya akija Jumatano, asipande kabla jina lake halijapelekwa.

Ya tatu ni kuwaajiri wewe mwenyewe. Hapo unakuwa mwajiri, pamoja na wajibu wa kujisajili WCF na kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Kwa mtu anayejenga nyumba moja hatuishauri.

Vyovyote uamuavyo, usijadili bei bila kutaja vifaa vya usalama. Mkanda wa mwili mzima wenye kamba iliyofungwa kwenye kenchi iliyokwisha kukazwa, si kwenye papi (ubao mwembamba wa kushikilia mabati) iliyopigiliwa msumari mmoja. Ngazi iegemezwe kwa kipimo cha mita 1 nje kwa kila mita 4 za kwenda juu, ipite ukingo wa paa kwa mita 1, na ifungwe juu. Bati likiwa refu, lisimamishwe mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Bati la mita 3 mkononi mwa mtu aliye juu ya kenchi hufika mbali kuliko anavyodhani. Kama waya uko karibu, omba TANESCO wauzime kwa siku hiyo.

Mvua iliingia paa likiwa wazi

*Mafundi waliezua nyumba yote asubuhi, mvua ikanyesha saa tisa. Dari ya jipsam, kabati na televisheni vimeharibika. Bima ya mkandarasi italipa?* — Msomaji, Eldoret

Inategemea, na jibu linaweza kukuumiza. Bima nyingi za dhima kwa umma hutenga mali ambayo mkandarasi ameishika au anaifanyia kazi. Paa lenyewe limo kwenye zuio hilo. Televisheni na kabati unaweza kuzitetea kwamba hazimo. Bima yako ya nyumba nayo kwa kawaida hulipa mvua iliyoingia baada ya dhoruba kuvunja paa, si mvua iliyoingia pale mtu alipolifungua kwa mikono. Dai lako imara zaidi ni dhidi ya mkandarasi mwenyewe kwa kuvunja mkataba na kwa uzembe: Eldoret msimu wa mvua, kuezua nyumba nzima kwa siku moja bila turubai si kazi ya mtu makini. Mwandikie, taja kila kitu na bei yake, ambatisha picha, mpe siku 14.

Kwa wengine ambao hawajaanza: inayofaa hapa ni bima ya hatari zote za mkandarasi, iliyoongezewa kipengele cha mali iliyokuwepo kabla ya kazi. Na mkataba useme wasifungue eneo kubwa kuliko wanaloweza kulifunika siku hiyo hiyo, na turubai liwe juu ya jengo kabla ya bati la kwanza kung'olewa.

Bei nafuu ya taslimu, Sacramento

*Tumenunua nyumba hapa California. Mwezeka paa mmoja anapunguza bei sana tukilipa taslimu, anasema hana wafanyakazi kwa hiyo haihitaji bima.* — Msomaji, Sacramento

Mkatae. California humtaka kila mwenye leseni ya kuezeka, daraja C-39, awe na bima ya fidia ya wafanyakazi hata kama hana mfanyakazi hata mmoja. Akisema haihitaji, ama hajui sheria ya kazi yake ama hana leseni. Na asiye na leseni ni hatari kwako moja kwa moja: kifungu cha 2750.5 cha sheria ya kazi ya jimbo hilo kinaweza kukufanya wewe mwajiri wa aliyeumia.

Ingia tovuti ya bodi ya leseni za makandarasi, CSLB, uweke namba ya leseni yake. Utaona daraja, kama leseni iko hai, na kampuni ya bima yake ya fidia. Utaona pia dhamana ya dola 25,000. Hiyo si bima, na huenda wateja wengine wenye madai wameshaifikia kabla yako. Bima ya dhima kwa umma hutaiona hapo kwa kuwa jimbo haliwalazimishi wengi wao kuwa nayo, kwa hiyo omba cheti cha fomu ya ACORD 25, fomu ya kawaida ya cheti cha bima huko Marekani, kitumwe kwako na wakala wa bima mwenyewe, si na mwezeka paa.

Malipo ya awali yasizidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, chochote kilicho kidogo. Huo ni ukomo wa sheria. Kabla ya kila awamu dai karatasi ya muuza vigae na wafanyakazi wakiachilia haki yao ya kuidai nyumba, kwani asipowalipa wanaweza kuiwekea zuio hata kama wewe ulishamlipa yeye kila kitu. Ukipokea kwa posta notisi ya awali ya siku 20 kutoka kwa muuza vifaa usiitupe: inakutajia jina la wa kumdai karatasi hiyo.

Ndugu zenu walio Texas wasifuate jibu hili. Huko jimbo halina leseni ya waezeka paa, na mwajiri binafsi anaruhusiwa kutokuwa na bima ya fidia ya wafanyakazi, kwa hiyo sharti hilo litakuwepo tu mkiliandika wenyewe kwenye mkataba na kupata uthibitisho wa wakala kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani.